Mdogo wangu kaanguka mwembeni, wanataka kumpasua shingo kwa MBELE wamwekee pleti na skrubu. Hii imekaaje?

mwanaUnyanyembe (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uelewa maana familia imegawanyika na mimi ndo nimeachiwa mzigo.

Mdogo wangu ana miaka 24. Jumapili iliyopita alipanda mwembe huku kwetu Tabora kuangusha maembe, tawi likakatika akaja chini kichwa kimetangulia. Waliokuwepo wakamnyanyua wakampakia kwenye boda mshikaki, katikati ya watu wawili, kichwa kinayumba huku na huku mpaka zahanati, nikikumbuka hilo roho inaniuma sana ila hawakujua. Zahanati wakamfunga kola, tukapewa rufaa, sasa hivi tuko hospitali kubwa siku ya sita.

Hali yake: anakunja viwiko vizuri, lakini vidole havishiki kitu, hata kijiko hawezi. Miguu ukimgusa anasikia, na kidole gumba cha mguu wa kulia anakichezesha kidogo. Kipimo cha CT kimeonyesha pingili ya tano ya shingo imeteleza mbele ya pingili ya sita. Wamemtoboa na vyuma viwili juu ya masikio, vimeungwa kamba na mzigo unaning'inia nyuma ya kitanda kumvuta. Wanasema imerudi sehemu tu haijakaa.

Leo dokta kasema atapasuliwa kwa mbele, hapa chini ya koromeo, watoe diski, waweke kipande cha mfupa kutoka kwenye nyonga yake mwenyewe, kisha pleti na skrubu nne. Mama kagoma. Anasema kwa mbele ndiko kunakochinjwa, hajawahi kusikia mtu akafunguliwa hapo akabaki. Mjomba yeye anataka tumtoe tumrudishe nyumbani kuna mzee anaunga mifupa kwa kukanda na majani.

Maswali yangu: kwa nini wapite mbele wakati uti wa mgongo uko nyuma? Hizo skrubu hazitamchoma huo mshipa wa fahamu? Zinatolewa baadaye au ndo anazikwa nazo? Na atatembea? Karatasi ya ridhaa haijasainiwa mpaka sasa, wanatusubiri hadi keshokutwa.

---

chilambo77

Pole sana mkuu. Mungu amsimamie. Nakaa hapa nisubiri wataalamu.

---

Mti Mkavu

Mkuu msikimbilie visu. Kuna ndugu yangu alivunjika mguu akakandwa wiki tatu akasimama. Hospitali wanapenda kuweka vyuma.

---

dokta_wa_kijiweni

Mti Mkavu hapo naomba nikukatishe mapema kabla hujasababisha msiba. Mguu na shingo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mfupa wa mguu ukikandwa vibaya unaungana umepinda, basi, utachechemea. Shingo iliyoteguka ndani yake inapita ile kamba ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, unene wake kama kidole chako kidogo, na sasa hivi hiyo kamba imebanwa lakini haijakatika, ndo maana kijana anasikia akiguswa na kidole kinacheza. Huyo mzee akimshika kichwa akamzungusha mara moja tu anaweza kuondoka na hicho kidogo kilichobaki, na pumzi pia. Mtoa mada, mjomba mheshimu, mpe kiti, mpe chai, ila mgonjwa asitoke kitandani.

Mimi niko mwaka wa tatu wa mafunzo ya ubingwa wa mifupa. Simwoni mgonjwa wako kwa hiyo ya kwake muulize dokta wake, mi nakueleza kwa ujumla inavyokuwa.

Kwa nini mbele. Watu wengi wanadhani uti wa mgongo uko nyuma kwa sababu ndiko wanakoupapasa, zile ncha unazozisikia mgongoni. Zile ni mikia tu. Mwili wenyewe wa pingili, lile gogo linalobeba uzito, liko mbele, na kwenye shingo liko karibu sana na ngozi ya mbele kuliko unavyofikiri. Kamba ya fahamu inapita katikati, nyuma ya gogo na mbele ya mikia. Diski iko kati ya gogo na gogo, kwa hiyo nayo iko mbele ya kamba. Sasa pingili inapoteleza hivyo, diski mara nyingi inachanika na kipande kinaweza kurudi nyuma kikakaa kinaigandamiza kamba. Ukiingia kwa nyuma ukairudisha pingili kwa nguvu, hicho kipande unaweza kukisukumia ndani zaidi. Ukiingia mbele unakikuta, unakitoa kwanza, ndo unapanga pingili.

Na kuhusu kuchinjwa, mwambie mama hivi: koo halifunguliwi. Wanachana ngozi pembeni kidogo, mstari wa sentimita nne au tano hivi unaofuata mkunjo wa shingo, halafu ndani hakuna msuli mkubwa wa kukata, kuna njia ya asili. Upande wa nje unabaki ule mshipa mkubwa wa damu unaodunda, upande wa ndani linabaki bomba la hewa na umio, unapitisha kidole katikati yao taratibu na unafika kwenye pingili unaigusa. Mara ya kwanza nilivyoona nilishangaa, nilitegemea bucha, kumbe damu ni kidogo kuliko hata kwenye operesheni ya nyonga. Nyuma ndo kuna nyama nyingi, inabidi uzibandue kwenye mfupa, maumivu baadaye yanakuwa makubwa na kidonda kinasumbua zaidi.

Njia hiyo si ya juzi, Robinson na Smith wa kule Baltimore waliiandika mwaka 1955, na Cloward wa Hawaii akaja na ya kwake 1958. Enzi hizo waliweka mfupa tu bila pleti, mgonjwa anafungwa kola au analazwa miezi, na mfupa mara nyingine unachomoka. Pleti ilikuja baadaye, Caspar wa Ujerumani aliieneza miaka ya 80, ila skrubu zake zilitakiwa zipenye mpaka ukuta wa nyuma wa pingili ndo zishike, na hapo ndo hofu yako ya kuchoma mshipa ilikuwa na maana kweli. Baadaye Morscher wa Uswisi akaleta pleti ya titaniamu ambayo kichwa cha skrubu kinajifunga kwenye pleti yenyewe, kwa hiyo skrubu haina haja ya kutokea nyuma. Siku hizi nyingi ni za namna hiyo, unene kama milimita 4, urefu milimita 14 hivi, na dokta anapima kina cha pingili kabla na pale pale thieta kuna eksirei yenye mkono wa duara anaangalia skrubu inavyoingia.

Swali la kutembea nakuachia dokta wake. Ila kusikia na kucheza kidole siku ya sita ni kitu kikubwa, wapo wanaofika hawana hata hicho. Na msisubiri keshokutwa kama mnaweza kesho. Tungependa hizi zifanyike ndani ya saa 24 za mwanzo, siku sita zimeshapita na kila siku anayolala na mzigo kichwani kifua kinajaa na mgongo unachubuka.

---

seremala_wa_Keko

Dokta swali la fundi mbao. Mimi skrubu nikiiweka kwenye mbao laini, mtu akikalia kiti kila siku baada ya muda tundu linapanuka skrubu inacheza. Sasa shingo inatikisika kutwa nzima, mtu anaitikia anakataa anageuka, hiyo skrubu ya milimita 14 itakaa miaka mingapi?

---

dokta_wa_kijiweni

Fundi umeuliza swali ambalo wanafunzi wangu hawaulizi.

Haikai milele na haikuwekwa kwa ajili hiyo. Jibu lako mwenyewe unalijua: ukigundisha mbao mbili kwa gundi unabana na jiriwa, kesho gundi ikikauka unaitoa jiriwa na mbao hazitoki. Pleti ndo jiriwa. Kile kipande cha mfupa wa nyonga ndo gundi. Mfupa unaungana pingili mbili zinakuwa moja, inachukua miezi mitatu mpaka sita, wengine hata mwaka. Ni mbio kati ya mfupa kuungana na skrubu kulegea. Mfupa ukishinda, skrubu hata zikiwa zimelegea hazina kazi tena. Mfupa ukishindwa, hakuna pleti duniani itakayovumilia, itakatika au skrubu itachomoka, na kwa mbele ikichomoka inakutana na umio.

Ndo maana tunawasumbua watu na sigara. Sigara inachelewesha mfupa kuungana, hii imethibitika kabisa. Mtoa mada kama dogo anavuta mwambie ukweli. Na mfupa laini wa mzee mwenye mifupa iliyopungua madini ndo mbao yako laini hiyo, hapo tunaweza kuongeza ya nyuma ili kugawana mzigo. Kijana wa miaka 24 wa kupanda miembe ana mfupa mgumu kama mninga.

Kutolewa: kwa kawaida haitolewi, inabaki humo. Titaniamu haipati kutu na kipimo cha MRI (picha ya sumaku) anaweza kupima. Inatolewa kama imesumbua.

---

Mama Shija RN

Nimekuwa nesi thieta na baadaye wodi ya wagonjwa wa uti wa mgongo, jumla miaka 19, kwa hiyo niongeze yale madokta huwa hawayasemi kwa sababu wao wakimaliza kushona wanaondoka 😂

Kwanza, thieta. Kazi ngumu ya kwanza si ya mpasuaji, ni ya dokta wa usingizi. Mtu wa kawaida akipewa nusukaputi wanamkunja shingo nyuma kumwingiza mpira wa kupumulia. Huyu hakunjwi. Kwa hiyo wanatumia kamera au mtu mmoja anashika kichwa kisisogee hata chembe. Kisha mabega yanavutwa chini kwa plasta mpaka kwenye meza, watu wakiona wanashtuka, ni ili mabega yasizibe picha ya eksirei maana kwa mtu mwenye mabega mapana pingili ya sita na saba hazionekani, na ukikosea kuhesabu pingili umepasua ambayo haina shida.

Pili, ule usiku wa kwanza. Hili lishikeni sana. Kuna hatari moja ambayo haipo kwa operesheni ya nyuma: damu inaweza kuvujia ndani ya kidonda ikajikusanya ikalibana bomba la hewa. Haitokei mara nyingi. Ila mkiona shingo inavimba, sauti inabadilika haraka, anahangaika kupumua au anataka kukaa apate hewa, msisubiri dokta wa raundi, pigeni kelele hapo hapo. Kidonda kinafunguliwa kitandani ikibidi. Nimeshuhudia mara moja na aliyemwokoa alikuwa shangazi yake aliyekuwa anamwangalia tu shingo usiku kucha hajui hata anachoangalia.

Tatu, akiamka sauti inaweza kuwa ya kukwaruza na kumeza kukamsumbua, chakula kinakwama. Hiyo ni kawaida kwa wengi na inapungua kwa wiki kadhaa, mshipa wa sauti na umio vimevutwa tu pembeni saa nzima au mbili. Uji mwepesi, akae wima, vijiko vidogo, hakuna ugali wa kusukuma na maji.

Nne, na hapa ndo wagonjwa wetu wengi tunawapotezea. Operesheni inaenda vizuri, pleti imekaa vizuri, halafu mtu anakufa mwezi wa tatu kwa kidonda cha kulalia kwenye makalio au uchafu wa mkojo au kifua. Anageuzwa kila saa mbili, usiku na mchana, watu watatu, mmoja kazi yake kichwa na shingo tu, anageuka mzima mzima kama gogo. Mpira wa mkojo usafi. Apulize hewa kwa nguvu mara kwa mara hata kwa kupuliza maji ndani ya chupa na mrija. Pangeni zamu za ndugu kuanzia leo.

Halafu swali langu kwa mtoa mada. Nimesoma mama anasema, mjomba anasema, wewe unasema. Mdogo wako ana miaka 24, kaumia shingo hajaumia akili. Yeye anasemaje? Ridhaa ni yake, sio ya mama. Kama vidole havishiki kalamu ataweka dole gumba mkimshikia mkono mbele ya shahidi.

---

mwanaUnyanyembe

Mama Shija umenipiga na kitu kizito. Kusema kweli hatujamuuliza. Tunaongea nje ya wodi kwenye korido ili asisikie.

---

Abuu_Chumbageni

Assalaam aleykum wote. Mimi ndo mwenye vyuma shingoni naandika kutoka Tanga, niliwekewa kwa NYUMA, kwa hiyo nieleze upande wa pili ili ndugu yetu aone kwamba hata huko nyuma watu wanapita, inategemea umeumia wapi.

Mwaka 2019 niligongwa nikiwa kwenye pikipiki. Mimi nilivunjika pingili ya pili juu kabisa, kile kijino kinachosimama ndani ya pingili ya kwanza kama mchi ndani ya kinu, ndicho kinachofanya ugeuze kichwa. Mishipa yangu ilikuwa mizima, natembea kabisa, nilienda hospitali siku ya tatu kwa miguu yangu nikidhani nimekaza shingo. Dokta alivyoona picha alinilaza pale pale akakataza hata kupiga chafya. Akaniambia kijino kikivunjika pale kwenye shina lake damu inafika kidogo kwa hiyo kuungana chenyewe ni kazi, na alisema wapo wanaopigwa skrubu moja tu kwa mbele kutoka chini kwenda juu kupita katikati ya kijino, ila ufa wangu ulikuwa umelalia upande usiofaa kwa skrubu hiyo.

Basi nikapigwa nyuma. Skrubu mbili pingili ya kwanza, mbili ya pili, halafu vyuma vyembamba viwili vinaziunganisha kulia na kushoto. Dokta wangu alikuwa mtu wa kupenda kueleza, akasema mwenye wazo hilo ni Goel wa Mumbai, aliandika 1994 akitumia pleti, kisha Harms wa Ujerumani mwaka 2001 akaja na skrubu zenye kichwa kinachozunguka na fimbo badala ya pleti ndo ikaenea dunia nzima. Nilifurahi kwamba ni Mhindi, sijui kwa nini 😄 Kabla ya hapo walipima tena CT ya mishipa ya damu, maana kuna mshipa unapanda ndani ya pingili za shingo kwenda kwenye ubongo na pale juu unajikunja, kwa wengine unapita mahali ambapo skrubu ingepita.

Nilichopoteza: kugeuza kichwa. Dokta alinionya kabla kwamba nusu ya mgeuko wa shingo unatoka kwenye pingili hizo mbili za juu tu. Nikiendesha gari nategemea vioo. Mtu akiniita nyuma nageuka mwili mzima kama komandoo. Na kilichoniuma zaidi ni kutoa salaam mwisho wa swala, kichwa hakifiki begani, nilimuuliza ustadhi akanambia geuza unapoweza inatosha, basi nikatulia. Ila ya mdogo wako iko chini, tano na sita, nilivyoelezwa mimi huko hapotezi hata robo ya hiyo.

---

dokta_wa_kijiweni

Abuu ahsante, kweli kabisa, pingili mbili za katikati zikiungana watu wengi hata hawatambui. Shida inaweza kuja miaka ya mbele, zile diski za jirani juu na chini zinabeba kazi zaidi, baadhi ya watu zinachakaa wanarudi.

---

seremala_wa_Keko

Dokta samahani nakurudia tena. Kwa nyuma huko mnapiga wapi skrubu kama katikati kuna kamba ya fahamu na pembeni kuna mshipa wa damu? Mi naona hakuna mbao ya kupiga hapo.

---

dokta_wa_kijiweni

Ipo ila ndogo. Kwa pingili ya tatu mpaka ya sita, kulia na kushoto kuna donge la mfupa kama kipande cha sukari guru, ndo zile sehemu ambazo pingili zinalaliana kama vigae vya paa. Skrubu za milimita 3.5 zinaingia humo. Mfaransa Roy-Camille alianza miaka ya 70, yeye alikuwa anatoboa katikati kabisa ya donge, anaingia karibu wima na kuelekea nje kidogo tu kama digrii 10. Halafu Magerl wa Uswisi akasema hapana, anza ndani kidogo ya katikati, elekea nje digrii 25 na upande juu sambamba na kigae. Skrubu ya Magerl inakuwa ndefu zaidi na inashika zaidi, ila ukizidisha unaweza kugusa mzizi wa mshipa wa fahamu unaotoka kwenda mkononi. Wote wawili wanaelekea NJE kwa sababu ile ile unayoiona wewe, mshipa wa damu uko mbele na ndani ya donge, unapanda kupitia matundu ya pingili kuanzia ya sita kwenda juu. Ukielekea ndani umeutafuta. Kabla ya hapo watu walikuwa wanafunga waya kwenye ile mikia ya nyuma, Hadra wa Texas alifanya hivyo mwaka 1891, na waya bado zinatumika pale ambapo skrubu hazipo.

Mgonjwa wa mtoa mada anaweza kuhitaji na nyuma pia kama vigae vimepandana vimekataa kurudi, hilo wasishangae. Mbele tu ikitosha ni heri.

---

Mti Mkavu

Mi naona nimejifunza, nilichangia bila kujua. Gharama je? Hapo ndo masikini anakwama.

---

Mama Shija RN

Mti Mkavu hapo umesema kweli. Pleti na skrubu ndo vinavyokula hela, mara nyingi ndugu wanaambiwa wachangie. Kama ana bima waulize mapema kama vifaa vimo, usisubiri asubuhi ya thieta. Kama hana, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hapo hospitali mkiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Nendeni LEO, kwa adabu lakini kwa kung'ang'ania. Na mfupa wa nyonga yake ni bure, kuna vibweta vya plastiki ngumu vinavyowekwa badala yake ni vizuri ila bei juu, kwa kijana nyonga inatosha sana. Ila mwambieni mapema, nyonga inauma kuliko shingo, wote wanalalamikia nyonga.

---

mwanaUnyanyembe

Wakuu narudi na mrejesho, samahani kwa ukimya wa siku nne.

Usiku ule ule niliingia wodini nikamuuliza dogo. Nikamweleza kila kitu kama mlivyoeleza humu, mpaka hatari ya damu kuvujia. Akacheka kidogo akasema "kaka mimi nimehesabu mbao za dari hii mara mia, waambie wanipasue hata kwa pembeni". Mama alikuwa mlangoni akasikia. Hakusema kitu. Asubuhi akamfuata dokta akamwambia nionyeshe unapopita. Yule dokta, Mungu ambariki, akachukua peni akajichora mwenyewe shingoni, mstari mdogo, akamshika mama kidole akamwekea juu ya mshipa unaodunda wa shingoni kwake akamwambia huu unabaki huku, koo linabaki huku, mimi napita hapa. Mama akasema sawa. Mjomba alikuwa kimya ila ndiye aliyeenda kuitafuta barua ya kijiji akairudisha na basi la usiku.

Wamemfanyia juzi. Kama saa tatu hivi. Wamesema kulikuwa na kipande cha diski kweli kimekaa nyuma wakakitoa, pingili ikarudi, skrubu nne, hawakuhitaji nyuma. Vyuma vya kichwani wametoa. Kaamka sauti kama ya mzee mvuta kiko, na dokta_wa_kijiweni, ile ya sigara, dogo havuti. Usiku wa kwanza mama hakulala, alikaa na tochi ya simu anamulika shingo kila dakika, manesi wakamzoea. Haikuvimba.

Vidole vya mkono bado. Miguu kama ilivyokuwa, ila jana fizio kasema gumba la mguu wa kushoto nalo limetikisika, mimi sikuliona. Analalamika nyonga kama Mama Shija alivyosema, shingo hata haitaji. Wamemkalisha leo mara ya kwanza akiwa na kola, dakika kumi, akapata kizunguzungu wakamlaza, wamesema kesho tena.

Swali moja tu limebaki: kola wamesema wiki sita, usiku pia avae au?

---

Mama Shija RN

Fuata alivyoandika dokta wake, wengine wanaruhusu kuivua akilala wengine hawaruhusu. Ila hata akiivaa, ifunguliwe mara moja kwa siku akiwa amelala chali, mtu ameshika kichwa, msafishe na mkaushe kidevu na nyuma ya kichwa, kola nayo inatengeneza vidonda. Chungulieni kisogoni kila siku. Hongera kwa mama.

---

mwanaUnyanyembe

Sawa dada nimepata. Ngoja niache simu, ni saa nane usiku hii, zamu ya kumgeuza ni yangu na mjomba, mama kashika kichwa.